Mdogo Wangu Alivua Kofia Mbele ya Mama, Mimi Nikazima Kioo

Bi Itimad, salamu nyingi kutoka Meknes. Mimi ni msomaji wako wa miaka mingi, na siku zote nilikuwa nikizisoma barua za watu hapa na kusema hawa nao wamezidi, mambo mengine si ya kumwandikia mtu, mpaka leo nimejikuta nimeshika kalamu mwenyewe. Nisaidie, maana nimefanya jambo na sijui nalirudisha vipi nyuma. Nimekuandikia wewe wa gazetini na si wale wa redio kwa sababu Mama siku hizi anasikiliza redio kutwa, na majina nimeyabadilisha yote, mji tu ndio wa kweli.

Nina miaka arobaini na mmoja, niliolewa, nikaachika, nikarudi kukaa na Mama, ambaye majirani humwita Hajja Zhor. Baba alishafariki. Tumezaliwa wawili tu, mimi na mdogo wangu Jawad, kitinda mimba, kipenzi cha nyumba, ambaye huu ni mwaka wake wa kumi na moja Uholanzi, na huko anafanya kazi kwenye karakana inayounganisha zile simu mpya za hologramu, zile za kioo kirefu ambamo mtu aliye mbali anatokea mzima mzima, kimo chake na upana wake, ukisogea pembeni unamwona sikio, ukiinama unamwona mpaka viatu, si picha bapa kama ya simu ya mkononi. Alituunganishia moja kwa mikono yake akaituma nyumbani. Ilipofika imefungwa kwenye mbao, Bi Habiba wa mlango wa pili akauliza, "Mmenunua kabati la nguo?" na tangu siku hiyo jina lake ni kabati.

Siku ya kwanza tulipolifungua ilikuwa Ijumaa baada ya kuskusi, Jawad akatokea ameketi, kavaa jalaba ya kijivu aliyoondoka nayo hapa, na Bi Habiba akajisahau kabisa akamnyooshea gilasi ya chai ya nanaa, gilasi ikagonga kioo, chai yote zuliani. "Yarabi, mwanangu, nimekuunguza?" Jawad alicheka mpaka akashika mbavu. "Hata kidogo, Bi Habiba, ila leo sukari umebania." Tulicheka sote, na Mama alicheka kuliko sote, na hakuna aliyejua isipokuwa mimi kwamba Mama alikuwa haoni kitu.

Ni presha ya macho, Bi Itimad. Anayo miaka mingi, dawa ya matone alikuwa akiweka leo anaacha kesho, anasema inamchoma. Jawad alituahidi kabati mwezi wa Shaabani, likafika baada ya Idi Kubwa, na katikati ya hapo ndipo macho yalipozimika, kwanza la kushoto, halafu la kulia, asubuhi moja akaniambia, "Mbona hujafungua madirisha?" na madirisha yalikuwa wazi. Majirani wanajua macho yake mabovu, hawajui kama yamekwisha, kwa sababu nyumba yake anaijua kwa miguu. Nilipotaka kumwambia Jawad, Mama alinishika kifundo cha mkono. "Mtoto ameniletea kioo nimwone, mimi nimwambie sioni? Ukimwambia sitakuwa radhi nawe, si hapa wala mbele ya Mungu. Apa." Nikaapa, mkono juu ya msahafu.

Basi tukatengeneza utaratibu wetu. Namkalisha kwenye kiti, kidole gumba cha mguu wake kinagusa pindo la zulia ili uso uelekee kioo sawasawa, mimi nakaa ubavuni mwake, mkono wangu ndani ya mkono wa jalaba yake. Nikimbana mara moja, Jawad anatabasamu. Mara mbili, anaonyesha kitu. Nikimkwaruza, Jawad kasimama, inua uso. Na kabla sijafungua huwa ananinong'oneza, "Leo niambie kavaa nini," nami likishawaka namtonya sikioni, halafu utamsikia, "Jawad, hiyo sweta ya bluu imekukaa!" na mtoto wa kiume mtu mzima anajitazama kifua kwa furaha.

Ijumaa ya tatu au ya nne niliona Jawad amepungua. Nikasema ni kazi. Iliyofuata shingo ilikuwa nyembamba, kola imemzidi. Keshokutwa yake akanipigia simu ya kawaida, akaniuliza kama niko peke yangu.

"Dada, nina ule."

"Ule upi?"

"Ule. Ule mbaya. Usinitamkishe."

"Wapi?"

"Tumboni."

Nilikuwa nachambua dengu, sinia ikaanguka. Akaniambia wameanza kumtia dawa, na wakimaliza watampasua. Nikamwambia, nampa Mama simu sasa hivi. Akasema, "Hapana! Mimi ulimi hautii, dada, siwezi kulisema hilo neno akiwa ananisikiliza, na wewe pia usiseme. Ataniona mwenyewe. Kabati halifichi kitu, linaonyesha mpaka mishipa. Ataniona kidogo kidogo, kila Ijumaa, atazoea, halafu siku moja ataniuliza yeye, nami nitajibu ndiyo tu." Akasema mwenyewe, kwa sauti yake, kwamba ndiyo sababu anashukuru Mungu alitutumia lile kabati.

Ningesema nini? Nilikuwa nimeapa. Nikamwambia sawa.

Ijumaa ile Mama akaninong'oneza kama kawaida, "Yukoje leo?" na mimi nikasema, "Amenawiri, Mama. Mashavu yamejaa." Sikupanga, lilitoka tu. Na Mama akainua uso akasema kwa sauti ya juu, "Mashallah, Jawad! Umenenepa, hiyo Uholanzi imekupenda!" Jawad akanitazama mimi, si Mama. Baadaye akanipigia, "Mama ananifanyia mzaha?" Nikamwambia mama siku zote humwona mwanawe mzuri, ndivyo walivyo. "Sawa. Ijumaa ijayo nitasogea karibu na kioo."

Na akasogea, Bi Itimad. Kila Ijumaa alisogea. Akavaa fulana isiyo na mikono, mifupa ya bega ikaonekana, mimi nikamwambia Mama kavaa shati jeupe. Mama akawa anamuuliza, "Unakula?" anajibu nakula. Anamuuliza tena katikati ya mazungumzo mengine, "Jawad, kweli unakula?" na wakati wa kuagana mara ya tatu. Mimi nambana mkono, anatabasamu, Mama, anatabasamu, na mwenzangu yule pale midomo imekauka.

Niseme na hili, maana nimekuja kuungama. Haikuwa huruma peke yake. Miaka yote nyumba hii ilikuwa ni Jawad kasema, Jawad kapiga simu, na mimi ninayepika na kufua ni kama jiko, lipo. Sasa Mama hapati hata tabasamu la Jawad mpaka lipite kwangu. Jawad hapati jibu la Mama mpaka anipigie mimi. Kuna siku nilijiona mtu. Naona haya kuliandika.

Ijumaa iliyopita Jawad alikuja na kofia ya sufu. Mimi nikamwambia Mama, kavaa kofia, huko baridi. Wakazungumza mambo ya Bi Habiba na paka wake, halafu Jawad akasogea mpaka pua inakaribia kioo, akaivua ile kofia, taratibu, akaiweka mapajani. Kichwa hakina unywele hata mmoja. Nyusi pia hana. Akainamisha kichwa mbele ya Mama, kama alivyokuwa akimpa autie mafuta alipokuwa mdogo, akangoja.

Nikanong'ona, "Amevua kofia." Hayo tu ndiyo niliyoyapata.

Mama akatabasamu, akasema, "Eeh, afadhali, nione nywele zako. Nzuri, mashallah, nzito kama za marehemu baba yako."

Jawad akainua kichwa. Sijawahi kuuona uso ule, Bi Itimad, na kioo kile hakifichi kitu. Alifungua mdomo aseme, na mimi nikajua analolisema sasa litamaliza kila kitu, uongo wangu na kiapo changu na Mama mwenyewe, nikanyoosha mkono nikazima swichi ukutani. Mama akauliza, "Mbona amenyamaza?" Nikasema umeme umekatika. Na redio jikoni ilikuwa inaimba.

Baadaye ujumbe wa Jawad ukaingia: "Nimeona mkono wako ukienda kwenye swichi. Mama ndiye kakuambia uzime? Basi nimeelewa, hataki kuniona hivi. Sitalifungua tena. Wananipasua tarehe ishirini na moja ya mwezi ujao. Nitunzie Mama."

Leo siku ya tano sijamjibu. Nikimjibu kweli, nimevunja kiapo na radhi za Mama zimekwenda. Nikimwambia Mama, nimemsaliti mdogo wangu, na Mama ana moyo pia, si macho tu yaliyo mabovu. Nikinyamaza, mtoto yule anaingia kwenye kisu akijua mama yake amemkataa. Na Mama ananiuliza kila asubuhi Ijumaa bado siku ngapi. Nifanye nini, Bi Itimad? Nieleze kama unavyomweleza mwanao.

Mimi, Niliyekaa Katikati
Meknes

BI ITIMAD ANAJIBU

Mwanangu, barua yako nimeisoma nikaiweka, nikaenda kunawa uso, nikarudi nikaisoma tena. Kuna walio mbele yako kwenye foleni, mmoja anagombana na wifi yake tangu kiangazi. Wataniwia radhi, watangoja. Tarehe ishirini na moja haingoji.

Kwanza pole. Kumwona mdogo wako anayeyuka Ijumaa baada ya Ijumaa, na mkono wako umo ndani ya mkono wa mama yako unambana kwamba anatabasamu, huo ni mzigo ambao ungemwangusha mwenye nguvu kuliko wewe. Nakuonea huruma kweli. Sasa huruma nimemaliza, nisikilize.

Umefanya vibaya. Kiapo si hoja, kiapo nitakuja kukizungumza, nasema ile swichi. Mgonjwa alikusanya ujasiri wa miezi, akavua kofia mbele ya mama yake, akafungua mdomo, na wewe ukamzimia. Angekuwa amekaa pale sebuleni usingethubutu kumziba mdomo kwa kiganja. Kwa sababu alikuwa nuru ndani ya kioo, ukaona inawezekana. Na kuhusu huko kujiona mtu, nashukuru umesema, wengine hawasemi. Lakini ndiko kulikokunogea, ndiyo maana uongo wa siku moja ukawa wa miezi. Mama yako na ndugu yako waliamini mko watatu chumbani, kumbe kila mmoja alikuwa anaongea na wewe tu.

Hata hivyo sitakutwika peke yako, maana hili ni letu sote watu wa nchi hii. Moto tunauita afya. Kipofu tunamwita basiri, mwenye kuona, eti tusimuumize. Na huo ugonjwa ndio kabisa, mtu atazunguka mji mzima, ule, ule mbaya, ule usiotajwa, mpaka anazikwa nao bila jina. Jawad, fundi wa watu, alifanya akili: ulimi umemshinda, basi akatafuta mashine imsemee. Na mama yako akakubali kukaa mbele ya mashine hiyo hiyo ili ifiche lake. Hakuna mashine itakayofanya hiyo kazi, mwanangu. Neno ni saratani. Nimeliandika hapa, na karatasi haijashika moto.

Sasa tuje kwa Hajja Zhor, ambaye nakuambia humjui vizuri. Isome barua yako mwenyewe. Umesema alimuuliza kama anakula mara tatu kwa Ijumaa moja. Mama anayeamini mwanawe mashavu yamejaa anamuuliza mara tatu za nini? Macho yake umeyasemea wewe kila kitu, lakini masikio yake hukuyaziba. Anaisikia ile sauti. Simjui, huenda nakosea, lakini nadhani kuna kitu anakijua na anangoja mtu amwambie, kama Jawad anavyongoja kuulizwa. Haya, na hizo nywele? Nywele alizisema kwa sababu wewe ulimwambia nusu. Hukumwambia kofia imefunika nini.

Kiapo. Ukiapa kutenda jambo, kisha ukaona lililo bora ni jingine, unalifanya lililo bora na kiapo unakitolea kafara: unalisha maskini kumi, ukishindwa unafunga siku tatu. Hilo si langu, kamuulize imamu wa mtaa wenu. Na radhi za mama, ndiyo, ni nzito, sikuchekei. Atakasirika. Anaweza kukusemesha kwa mkato siku mbili, anaweza kulia. Lakini mama hakukuapisha umfiche mwanawe akiwa mahututi, alikuapisha akidhani kinachofichwa ni macho yake tu. Angejua la pili, lile la kwanza asingelitaka. Mpe nafasi ya kukasirika akiwa anajua anakasirikia nini.

Utafanya hivi. Jawad unampigia leo, sauti, si maandishi. Unamwambia: mkono ulikuwa wangu, Mama hakuniambia kitu, Mama haoni, haoni tangu kabla kabati halijafika. Usimweleze kwa nini ulinyamaza, hiyo ni habari yako na itasubiri apone. Atanyamaza, usijaze huo ukimya kwa maneno. Halafu unamwomba ruhusa ya kumwambia Mama jina la ugonjwa. Akikataa, mwambie basi aje alitamke mwenyewe Ijumaa, lakini Ijumaa haitapita hivi hivi.

Kwa Mama unakwenda asubuhi, kabla hajawasha redio. Kaa chini mbele yake, siyo ubavuni. Mwambie nimemwambia Jawad kwamba huoni, nimevunja kiapo chako, nitakitolea kafara. Acha aseme atakayosema. Ukipata ruhusa ya Jawad, mwambie na la pili. Usiseme ule. Usimbane mkono.

Ijumaa unawafungulia, unamkalisha, na unatoka. Umesikia? Unatoka nje na mlango unaufunga nyuma yako. Kama Mama ataelekeza uso dirishani badala ya kwenye kioo, na auelekeze. Watasikilizana bila wewe, na wewe utakaa kwa Bi Habiba unywe chai na uone jinsi ilivyo vigumu kutojua wanasema nini. Utazoea.

Halafu kuna la mwisho, na kwangu mimi ndilo kubwa. Mwombe Jawad barua ya daktari wake, upange foleni ya viza ya Mama na yako. Mtaambiwa muda hautoshi, nenda tu, kesho urudi tena, onyesha barua, lia ikibidi. Nina heshima yangu kwa hivyo vioo, vimewaweka pamoja wazazi wengi na watoto wao. Lakini kioo kinapitisha sura na sauti, na sura ndiyo kitu pekee ambacho mama yako hawezi tena kupokea. Yeye sasa anaona kwa vidole. Kile kichwa alichokiinamisha Jawad kilikuwa kinaomba mkono, kikapewa sifa za nywele. Mpeleke mama yako Uholanzi akishike, apite kila mahali, mpaka pale nyusi zilipokuwa, amjue mwanawe alivyo leo kabla hawajamlaza kwenye kile kitanda.

Ukinyimwa viza, utaniandikia na tutahangaika pamoja. Lakini usiniandikie kabla hujapiga simu. Weka gazeti chini sasa hivi, Jawad yuko peke yake huko.